Kamera ya Getini: Mfua Shuka Aliyekataa Kumfungia Mama Yake kwa Kufuli

Saa nne asubuhi. Chumba cha kufulia cha hospitali kimejaa mvuke, na mashine ya pili kutoka mlangoni inatikisika kama inataka kung'oka sakafuni. Mwanamke mwenye aproni ya mpira na buti zilizopauka anavuta shuka zilizolowa, anazikung'uta na kuzitupia kwenye toroli. Kisha anajifuta mikono, anatoa simu mfukoni na kuitazama.

Kwenye kioo cha simu kuna ua wa nyumba, kamba ya kuanikia nguo na geti la bati. Karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki, ameketi kikongwe aliyejitanda mtandio. Anachambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa tangu jana.

"Yupo," anasema kwa sauti ya chini, na kuirudisha simu mfukoni.

Katika chumba hicho simu ni marufuku, lakini yeye ana ruhusa ya kuitazama mara moja kila saa. Msimamizi wa zamu ndiye aliyempa ruhusa hiyo. "Nilimkataza mara tatu," anasema msimamizi huyo. "Mara ya nne akanionyesha picha ya miguu ya mama yake. Sikumkataza tena."

Wenzake wanamwita Mama Shuka. Ana miaka hamsini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia akifua shuka za wagonjwa, kwa mshahara ambao leo umefika laki tatu na nusu kwa mwezi. Hakuolewa tena baada ya mumewe kufariki, na hakujaliwa mtoto. Nyumbani wako wawili: yeye na mama yake, mwenye umri wa miaka sabini na minane.

Ugonjwa wa kusahau ulimjia mama yake kwa kunyata. Ulianza na funguo, ukaja kwa majina, halafu jiko likaachwa linawaka bila sufuria. Mwanzoni walikuwa wakicheka pamoja. "Nikimuuliza chumvi iko wapi, ananiambia imesafiri," anakumbuka Mama Shuka. "Tunacheka mpaka machozi. Sikujua kwamba ndiyo safari yenyewe imeanza."

Mwaka juzi, siku ya Jumanne, alirudi kutoka kazini akakuta geti liko wazi na kiti kitupu.

Walimtafuta siku mbili. Mfagiaji wa barabara ndiye aliyempata, amejikunyata kwenye mtaro mkavu kando ya ukuta wa shule, upande wa pili wa mji. Alikuwa na kiatu kimoja. Nyayo zake zilikuwa zimechubuka hadi nyama inaonekana.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tulivyofunzwa," anasema Mama Shuka. "Uchungu wa mzazi, je? Huo hakuna aliyeniambia."

Kaka yake mkubwa, dereva wa lori la masafa marefu, alirudi safarini na kufuli lenye ukubwa wa kiganja. Wakaketi sebuleni, mama yao amelala chumba cha pili.

"Ukienda kazini, mfungie," alisema kaka. "Basi."

"Kaka, nimfungie mama yangu kama mbuzi?"

"Unataka tumwokote tena mtaroni? Safari ijayo huenda tukaokota maiti."

Walitafuta kwanza mtu wa kukaa naye. Msichana wa kazi waliyempata alikaa wiki tatu, akaaga. Mama Shuka akafunga kufuli.

Siku ya nne alimkuta mama yake ameketi chini nyuma ya geti, vifundo vya vidole vimevimba, bati limetapakaa alama za damu. Alikuwa amegonga kutwa. Majirani walisikia, ila hawakuwa na ufunguo.

"Nilimwosha mikono kwenye beseni," anasema. "Akaniambia, 'Ahsante, dada. Kuna watu wabaya walinifungia.' Nilitoka nje, nikaling'oa lile kufuli, nikalitupa chooni."

Kaka yake alipopiga simu kuuliza, alimwambia ukweli. Kaka akakata simu.

Wazo la kamera lilitokea hospitalini kwenyewe. Alikuwa akipeleka shuka safi ghorofani alipomwona mlinzi ameketi mbele ya kioo kilichogawanyika vipande vinne, kila kipande na mlango wake. Alisimama na toroli lake, akauliza, "Na mimi naweza kuwa na kamoja?"

Mlinzi alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

Dukani alionyeshwa kamera ndogo ya nje, ya rangi nyeupe, yenye betri ndani na nafasi ya laini ya simu. Ilikuja na waya wake wa kuchajia na paneli ya jua isiyozidi upana wa kitabu cha hesabu. Bei ilikuwa laki mbili na themanini. Alikuwa na akiba aliyoitengea kubadilisha paa la jikoni. Paa lile linavuja hadi leo.

Fundi wa kufunga alitaka fedha nyingine ambazo hakuwa nazo. "Nikajisemea, mimi nafungua mashine ya kufulia na kuitoa vifungo vya mashati tumboni. Kamera itanishinda nini?"

Ilimshinda, tena mara kadhaa.

Kwanza aliifunga juu kabisa, chini ya ukingo wa paa, akidhani macho yakiwa juu ndiyo yanaona mbali. Aliona utosi wa watu. "Nilijua mtaa mzima nani anaanza kipara," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. Akaishusha hadi kimo cha mtu aliyeinua mkono, akaielekeza getini.

Siku hiyohiyo simu yake ililia mara mia mbili na zaidi. Kamera ilikuwa ikimtaarifu kila kitu kinachotikisika: paka, mawingu, shuka zake mwenyewe kwenye kamba. Jirani wa ng'ambo naye akaja na malalamiko. "Mama Shuka, hilo jicho lako linaniona nikitoka kuoga." Alimwomba radhi, akaigeuza kamera kidogo, akaonyeshwa namna ya kuchora kwenye simu eneo la kuangaliwa: geti na hatua tatu mbele yake. Akabadilisha pia neno la siri lililokuja na kamera, kwa sababu mlinzi wa hospitali alimwonya kwamba ukiacha la dukani, mtu yeyote anaweza kuchungulia kwako.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa umeme.

Hakuiamini ile paneli. Akavuta waya wa kurefushia umeme kutoka soketi ya chumbani, akaupitisha dirishani, akaning'iniza kichwa cha chaja ukutani nje, kimefungwa mfuko wa plastiki. Kilifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi mvua ikanyesha, maji yakafuata waya kama njia yaliyoizoea, cheche zikaruka ukutani na nyumba nzima ikazimika. Mama yake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

Fundi umeme aliyekuja alitazama ule mfuko wa plastiki, akatikisa kichwa. "Dada, umeme hauna shemeji," alimwambia. "Ungemzika mama kwa kumlinda."

Alimweleza polepole, naye akaandika nyuma ya karatasi ya dawa. Chaja hukaa ndani, mahali pakavu. Waya ukipita nje, uachwe uning'inie upinde kidogo kabla ya kuingia ukutani, ili maji yadondokee kwenye upinde, yasifuate waya hadi ndani. Na kama hana soketi salama ya nje, basi atumie betri na paneli yake, kwani hata umeme wa mtaa ukikatika kamera haitazimika.

Akaichaji kamera usiku mzima ndani, ikajaa, akaifunga pamoja na paneli. Siku ya tano, saa tano asubuhi, alitoa simu mfukoni akakuta kioo cheusi.

Aliacha toroli katikati ya njia. Alikimbia na buti zake za mpira, na aproni, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Watu walimpisha wakidhani kuna moto. Mama yake alikuwa amelala kitandani, salama, mikono kifuani.

"Nilikaa sakafuni nikalia. Halafu nikatoka nje nikaikazia macho ile paneli. Nikaona upumbavu wangu. Nilikuwa nimeifunga chini ya paa, kivulini. Jua inalipata nusu saa tu asubuhi. Utamnyima mtu chakula, halafu umlaumu kwa nini kazimia?"

Jumapili iliyofuata hakwenda popote. Kila saa alitoka kutazama kivuli kimefika wapi, akiweka alama ya chaki ukutani. Kisha akaihamishia paneli kwenye ncha ya nguzo ya kamba ya nguo, imeinama kidogo ili vumbi lioshwe na mvua, waya umebanwa vizuri hadi kwenye kamera. Tangu siku hiyo betri haijashuka chini ya nusu, isipokuwa wiki moja ya mawingu mazito.

Ndipo alipoanza kumwona mama yake.

Kila siku, inapokaribia saa saba mchana, kikongwe yule alikuwa akiinuka kitini. Anajitanda vizuri mtandio. Anaingia ndani, anatoka na kikapu kidogo chenye chupa ya maji na kitambaa safi. Anakwenda getini. Siku nyingine anasimama tu. Siku nyingine mkono unaligusa komeo, simu inatoa taarifa, na hapo Mama Shuka humpigia simu fundi viatu wa kona ya mtaa, ambaye huacha nyundo yake na kwenda kumrudisha kwa maneno ya heshima.

Siku moja fundi viatu hakupokea. Komeo lilikuwa limeshafunguka. Kamera ile ina kipaza sauti, lakini Mama Shuka hakuwahi kukitumia. Akabonyeza kitufe chake kwenye simu.

"Mama! Unakwenda wapi?"

Kikongwe alishtuka, akatazama huku na huku. "Nani wewe?"

"Ni mimi, mama. Rudi ukae."

"Sina nafasi ya kukaa. Namfuata mwanangu shuleni. Wanatoka saa saba, na anaogopa kuvuka barabara kubwa peke yake."

Mashine zilikuwa zikinguruma pande zote. Wenzake wanasema walimwona ameegemea rundo la shuka chafu, simu mdomoni.

Mtoto huyo alikuwa yeye. Ukuta alikookotwa mama yake siku ile ulikuwa ukuta wa shule yake ya msingi. Darasa la kwanza na la pili, walipokuwa wakiishi upande ule wa mji, mama yake alikuwa akimfuata kila mchana, na maji na kitambaa cha kumfuta uso. "Miaka arobaini na zaidi," anasema. "Sisi tukidhani anapotea. Kumbe alikuwa anajua kabisa anakokwenda."

Siku ile alimjibu kupitia simu.

"Mama, mwanao ameshatoka shule. Yuko njiani. Ameshikwa mkono na mwalimu, wameshavuka barabara."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Msubiri hapo mlangoni."

Kikongwe alirudisha komeo, akaketi, kikapu mapajani.

Siku ya pili yake Mama Shuka alimwendea msimamizi, akaomba kuanza kazi saa kumi na moja alfajiri, kabla ya wote, awashe mashine na kumaliza saa sita na nusu. Alikubaliwa. Sasa anatembea haraka, na kabla ya kona anavua aproni na kuikunja ndani ya begi lake la mgongoni. Kuna siku mama yake humtazama kama mgeni. Kuna siku humpangusa uso kwa kile kitambaa na kumfokea, "Umechelewa. Leo mwalimu kawaweka?"

"Ndiyo, mama. Tulikuwa na hesabu."

"Haya, kunywa maji."

Naye hunywa.

Kaka yake alikuja mwezi uliopita. Aliketi uani akamwona mama anavyoinuka na kikapu, na dada yake anavyoingia getini na begi. Hakuzungumzia kufuli tena. Jioni alipanda juu ya ngazi akaifuta paneli vumbi, na kabla ya kuondoka aliacha fedha za bando la intaneti ya kamera kwa miezi mitatu.

Daktari amemweleza Mama Shuka bila kumficha: mama yake ataendelea kufifia. Tayari zipo siku mbili tatu katika mwezi ambazo saa saba inafika na kikongwe habanduki kitini. Siku hizo, anasema, ndizo zinazomtisha kuliko komeo lililo wazi.

Mwezi wa sita mwakani atatimiza miaka ishirini kazini, na sheria ya hospitali inamruhusu kustaafu mapema kwa kiinua mgongo kidogo. Ameshajaza fomu. Anapanga kununua cherehani na kushona foronya nyumbani.

Kamera nayo ina mwenyewe tayari. Mwenzake wa mashine ya tatu ana mume aliyepooza upande mmoja, ambaye hubaki peke yake kutwa. "Nitaifungua mwenyewe, nikaifunge kwake," anasema Mama Shuka. "Sitaanza na skrubu. Nitakaa naye kwanza siku nzima, tuangalie jua lake linapita wapi."

Anaulizwa ni lini hasa atampelekea. Anakunja shuka moja hadi mwisho, anailaza juu ya nyingine, anainyoosha kwa kiganja.

"Siku nitakayokuwa nyumbani kutwa," anasema. "Namwomba Mungu ifike wakati mama bado ananingojea."