Nilipokea Kondoo wa Mama Nashipai Huku Namjua Aliyemtega Mbwa Wake

Nimekosa. Nalisema hilo kwanza kabla hamjaanza kunionea huruma, maana katika habari hii yumo mwanamume mbaya, na wengi mtakimbilia kumlaani yeye. Mlaanini, wala sitawazuia. Lakini aliyemkosea rafiki yangu ni mimi.

Kwetu ni upande wa Karatu, juu kabisa, mashamba yanapokutana na msitu wa Ngorongoro. Ukipanda mahindi kule unapanda na wenzako: nyani, nungunungu na nguruwe pori. Mume wangu alikuwa akikesha shambani na debe la kupiga, asubuhi anarudi macho mekundu, na mahindi yameliwa vile vile.

Miaka ile ndugu zetu wafugaji wa kule juu walikuwa wamekatazwa kulima ndani ya hifadhi. Basi wanawake wao walikuwa wakishuka na punda kutafuta mahindi kwetu. Wanaleta maziwa, samli na ngozi, wanarudi na magunia. Mmoja wao nitamwita Mama Nashipai, ingawa si jina lake. Huyu alizoea kufikia kwangu. Punda wake walifungwa uani kwangu, naye alilala kwangu mpaka mzigo utimie. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, changu cha shule ya msingi, lakini tulicheka kutwa nzima.

Alikuwa na mbwa dume mwekundu, jina lake Sero, anayeshuka na kupanda na punda. Mbwa mtulivu, habwekei mtu ovyo.

Safari moja Sero akapotea. Mama Nashipai alizunguka tangu asubuhi akimwita, "Sero! Sero! Wooo, Sero!" mpaka sauti ikakauka. Sisi nyumbani tulikuwa tunakunywa uji. Mume wangu akaongeza kikombe cha pili, akasema labda chui amemchukua. Nakumbuka vizuri kikombe kile cha pili. Laiti ningejua!

Kesho yake nilikwenda kuokota kuni pembezoni mwa msitu, nikasikia kitu kinalia kama mtoto mwenye homa. Alikuwa Sero. Mguu wa nyuma umeshikwa na waya, waya umezama mpaka mfupani, na nzi wamejaa. Aliponiona akatingisha mkia. Jamani, mbwa yule alitingisha mkia!

Nilimwita Mama Nashipai kwa ukelele, akaja, tukakata kamba iliyofunga waya ule kwenye mti, tukambeba kwenye shuka lake jekundu mpaka kwa bwana mifugo. Yule bwana aliutazama mguu, akaunusa, akatikisa kichwa.

"Huu umekwisha kufa," akasema. "Mngemtoa jana ungepona. Sasa ni kuukata, au tumpige risasi tumpumzishe."

"Kata," Mama Nashipai akasema. "Huyu alipigana na fisi kwa ajili ya ndama wangu. Kata, mimi nashika kichwa."

Akakishika kichwa mpaka mwisho. Baadaye alitapika nyuma ya josho.

Hakuweza kumngoja apone. Kwake kulikuwa na watoto na ng'ombe, na punda walikuwa tayari. Akanishika mikono yote miwili. "Ndugu yangu, mimi namwacha kwako. Akikufa, usilie, ni Mungu. Akipona, nitakuja."

Basi nikawa muuguzi wa mbwa. Kwetu mbwa haingii ndani ya nyumba, hata mvua ikinyesha mawe. Mimi nilimtandikia magunia jikoni. Wakati wenyewe sabuni ilikuwa ya foleni, nami nikaichovya ile sabuni yangu ya kuogea katika maji ya chumvi nikamwoshea kidonda! Nilichana kanga yangu nzuri nikapata vitambaa vya kufungia. Alipoanza kulamba na kung'ata nyuzi, nilichukua kikapu kikuukuu, nikakitoboa kitako, nikamvika shingoni. Alionekana kituko, akawa anagonga kila mlango.

Kazi kubwa ilikuwa kumtoa nje kujisaidia. Alikuwa akisimama anaanguka, anasimama anaanguka. Nikapitisha kanga chini ya tumbo lake, nikawa namshikilia nyuma huku yeye anatembea mbele. Majirani walisimama uani kwangu wakicheka mpaka wanashikana mabega. "Mama Fulani amepata mume mwingine, huyu anamsindikiza mpaka chooni!" Wacheke tu. Mimi nilimpenda yule mbwa.

Kuna jambo lilikuwa likiniuma kuliko lile donda. Sikio likimwasha, alijaribu kujikuna kwa mguu usiokuwepo. Kile kipande cha mguu kilichobaki kinacheza, kinacheza, sikio halifikiwi, naye ananitazama kama ananiuliza kuna nini. Nikawa namkuna mimi.

Siku kidonda kilipokauka alisimama mwenyewe, akaruka-ruka kwa miguu mitatu mpaka kwenye ghala na kurudi. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Sasa sikilizeni sehemu yangu.

Tangu Sero aingie nyumbani mwangu, mume wangu alijitafutia kibarua kwenye mashamba ya kahawa Oldeani. Akawa analala huko huko. Nilisema moyoni, afadhali, mwanamume anatafuta riziki. Ule waya tuliomvua Sero nilikuwa nimeutupia juu ya rafu ya jikoni. Siku moja nautoa kwa ajili ya kufungia mlango wa banda la kuku, nikaona kile kipande cha kamba tulichokikata, bado kimefungwa. Fundo lake mume wangu hulifunga hivyo tangu anioe: anazungusha, anazungusha tena, halafu ncha anairudisha ndani isionekane. Ng'ombe wetu wote wamefungwa kwa fundo lile. Hata mlango ule wa banda la kuku ulikuwa na fundo lile.

Nikauviringisha ule waya, nikaurudisha juu ya rafu.

Aliporudi Jumapili kuchukua nguo nikamwonyesha. Nilitegemea akane. Natamani angekana! Akasema, "Nilitegea nguruwe. Mimi nitajuaje kwamba mbwa atapita?"

"Basi ungemfungua ulipokwenda kukagua mitego!"

Akaanza kukunja nguo zake. Ndipo nikaelewa. Alikwishakwenda asubuhi ile. Alimkuta Sero hai, waya bado haujala mguu, akageuka akarudi nyumbani kunywa uji! Mama Nashipai anapita nje anaita mpaka sauti inakauka, naye anaongeza kikombe!

"Ningemfungua angekimbilia hapa na kidonda cha waya mguuni," akasema, "na yule mama angeuliza waya wa nani. Mitego inafungisha mtu, mke wangu. Unataka askari wa hifadhi waje hapa? Nilidhani atakufa mapema."

Alivyoniita "mke wangu" kwa upole namna ile! Siku nyingine zote mimi ni "wewe". Nilimtukana, nikalia, kisha nikamwambia atoe mitego yote. Akaapa kwamba atatoa. Nami nikautupa waya chooni.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliutupa waya ule kwa mkono wangu mwenyewe, wala hakuna aliyenituma.

Mama Nashipai alishuka mvua zilipokatika. Sero alimsikia akiwa bado mbali, akatoka mbio, akaanguka kwenye mfereji, akainuka, akaendelea. Yule mama alikaa chini njiani na shanga zake zote, akamkumbatia mbwa, akaimba kitu cha kwao. Hata majirani waliokuwa wakinicheka walifuta macho.

Halafu akanikabidhi kamba, na mwisho wa kamba kondoo jike, mnene, mwenye mkia wa mafuta.

Kwa Wamaasai, mtu akikupa mnyama kwa moyo namna hiyo, jina lako linaondoka. Mnaanza kuitana kwa mnyama yule, wote wawili, mpaka kufa. Ikiwa ni kondoo, mnaitana Paker. Nilikuwa nimewahi kuwasikia wazee wao wakiitana hivyo mnadani na nikawaonea wivu.

"Kuanzia leo wewe si Mama Fulani," akasema. "Wewe ni Paker. Mimi ni Paker. Kati yetu hakuna kitu kinajificha."

Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Ule waya, mlimjua mwenyewe?"

Kamba ya kondoo iko mkononi mwangu. Nikasema, "Ni majangili wa mbali, Paker. Wanapita tu."

Nilimwita kwa jina lile mara ya kwanza kabisa, na ndani yake nikatia uongo!

Mtaniuliza kwa nini. Niliogopa mume afungwe. Niliogopa aibu ya nyumba yangu. Na kusema kweli, nilipenda kushukuriwa. Nimechana kanga yangu, nimechekwa kijiji kizima, sasa nashukuriwa mbele ya watu, halafu nifungue mdomo niseme mguu huu umekatwa na nyumba hii? Sikuweza. Nilijiambia nitamwambia safari ijayo.

Safari iliyofuata mume alikuwepo, kibarua kilikuwa kimekwisha. Tumekaa uani, Paker anakoroga chai, Sero anawasumbua punda. Mume wangu akatokea shambani na panga lake begani, lile alilokuwa akienda nalo kukagua mitego.

Mbwa yule alishuka tumbo chini. Mkojo ukamtoka. Akajikokota kwa miguu yake mitatu mpaka nyuma ya Paker, akajificha chini ya shuka lake akitetemeka. Mume akaingia ndani bila hata kusalimia.

Paker alitazama mlango. Akamtazama mbwa. Watu wale wanaweza kukwambia ng'ombe aliyepotea kapita wapi na kapita na nani. Mimi nilitaka kumdanganya nani?

"Paker," akasema polepole, "Sero anamwogopa huyu?"

Jamani, nilipewa nafasi! Niliwekewa mlango wazi kabisa!

Nikasema, "Anawaogopa wanaume wote tangu akatwe na bwana mifugo."

"Kwetu analala miguuni kwa wanaume," akasema. Akanywa chai yake akaimaliza. Hakuniuliza tena. Alipakia mahindi, akaniaga kama kawaida, wala hakuacha kuniita Paker. Nadhani alikuwa bado ananingoja.

Sasa sikieni alichonifanyia yule niliyemfichia. Mimi nimejikaba roho, nimemeza uongo juu ya uongo ili asifungwe. Yeye akaenda kilabuni, akalewa, akawasimulia walevi wenzake! Tena kwa kuchekesha! Kwamba mke wake aliuguza mbwa kama mtoto mchanga, akapewa kondoo kwa sababu ya mguu uliopotea katika mtego wa mumewe. Walevi wakaanguka wakicheka. Aliigiza hata namna nilivyokuwa nikimshikilia mbwa kwa kanga.

Siri niliyoificha kwa taabu yote ile, mwenyewe kaifanya kichekesho cha kunyweshewa pombe. Mimi niliambiwa na jirani. Maneno ya kilabuni hayakai kilabuni. Siku ya mnada yakamfikia Paker.

Alinikuta nauza maharage. Hakufoka. Ningependa angefoka.

"Siku nilikuletea kondoo," akasema, "ulikuwa unajua?"

Nikaanza kueleza. Kwamba mume ndiye aliyetega, mimi sikuwa na habari. Kwamba nguruwe walikuwa wanatumaliza. Kwamba nilimtukana sana. Kwamba nilikuwa na watoto wadogo.

Akangoja nimalize. "Mume wako mimi simdai kitu. Mume wako si Paker wangu. Nimeuliza wewe. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua," nikasema, "lakini..."

Akainua mkono nisiendelee. Nikamwambia nitamrudishia kondoo, amekwisha zaa, nitampa na mtoto wake. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kondoo ni wako. Mimi nilimtoa na sikudanganya."

Kisha akasema, "Kwaheri, Mama Fulani." Akasema jina la mtoto wangu, taratibu, vizuri kabisa, kama mtu anayenijua kwa mbali.

Tangu hapo punda wao wanapita mbele ya nyumba yangu hawasimami. Maziwa nanunua kwa watu. Mume ninaye, yule yule niliyemchagua siku ile, anakula na kulala. Nikimtazama nakumbuka nimemlipia kwa kitu gani, na yeye hata hajui kama kuna kitu kililipwa. Mara moja nilimwona Sero kwa mbali kwenye njia ya Lodoare, penye lango la hifadhi, anafuata punda kwa miguu yake mitatu, mwepesi kweli. Sikumwita. Ningemwita kwa haki gani?

Dada zangu mnaosoma hapa, na nyinyi kaka, nawasihi. Ubaya wa mtu wa nyumbani mwako usiufiche nyuma ya mgongo wa rafiki yako. Useme mapema, siku ile ile, kabla hujapokea asante ya mtu. Yule unayemsitiri hatakushukuru, na akilewa atakucheka. Na kama umekwisha kuchelewa kama mimi, nenda leo hii kwa huyo uliyemkosea. Ukifika, usianze na habari za mume, wala za njaa, wala za watoto. Anza na nisamehe. Mimi siku ile mnadani nilieleza, nikaeleza, nikaeleza, mpaka mwenzangu akapakia mzigo wake juu ya punda akaondoka, na neno hilo sikuwa nimelisema.