Mkata Vitambaa Aliyedhaniwa Ametoka Jela

Saa mbili asubuhi, mkata vitambaa anafungua droo ya meza yake. Mkasi haupo, kwa mara ya tatu wiki hii. Anawatupia jicho mafundi cherehani wa karakana hii ya sare za shule. Wote wamezama kazini, na hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

"Kuna mtu ananichimba," anasema, akinywa maji kwenye ile chupa iliyompa jina la utani, Dada Chupa.

Ana miaka thelathini na mbili. Tangu utotoni anaishi na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaomletea macho ya njano, maumivu ya mifupa na uchovu usioisha hata akilala. Kazini hajamwambia mtu. Mkataba wake unakwisha Ijumaa, na msimamizi ndiye anayeamua nani abaki.

"Ukisema unaumwa, mtu anakutazama juu mpaka chini, anatafuta kidonda."

Siri imevuja kwa mlango mwingine. Juma lililopita, akiongea na dada yake kwa simu nyuma ya stoo, alisema: "Ni hii seli mundu tu. Si iliniweka ndani wiki mbili?" Fundi wa vifungo alikuwa dirishani, sikio wazi. Seli, mundu, ndani wiki mbili: akayaunga mwenyewe. Kufika mchana, karakana nzima ilijua kwamba Dada Chupa alimkata mtu kwa mundu akafungwa.

"Na yale macho yake ya njano," fundi wa vifungo anajitetea. "Wewe ungemwachia mkasi?"

Saa tatu msimamizi anamwita Dada Chupa, anamuuliza alimkata nani. Dada Chupa anacheka mpaka mbavu zinamuuma, kisha anaeleza ukweli wote. Mkasi unarudi kabla ya chai.

Lakini umerudi na huruma, na hiyo anaiogopa zaidi. Sasa anabebewa majora ya vitambaa bila kuomba. Msimamizi, kwa sauti laini, ameshamwambia mara mbili: "Mwanangu, si ungepumzika tu nyumbani?"

"Waliponidhania mhalifu, walinifichia mkasi tu; kazi yangu hakuna aliyeigusa," anasema. "Leo nimekuwa mgonjwa, naona wameanza kuniaga."

Ijumaa atakwenda ofisini na barua ya kliniki. Ataomba stuli ndefu, akate akiwa amekaa, na mkataba wa mwaka mzima.

"Pole zao nimezipokea," anasema. "Sasa nasubiri sahihi."