Kalamu Niliyomnyang'anya Mama

Mawe ya volkano yakilowa umande hutoa harufu ya chungu kilichotolewa motoni jana. Harufu hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani kwetu Munigi asubuhi moja, msichana wa miaka kumi na miwili aliyekwisha kuiacha shule, bila kuaga na bila kujua niendako. Nyuma nilimwacha nyoka wangu wa kahawia, asiye na sumu, ndani ya ndoo yenye mfuniko niliotoboa kwa msumari. Majirani waliniita mchawi. Mimi nilijua tu kwamba nyoka hashikwi kwa kunyakuliwa: unatandaza kiganja, unangoja akuonje kwa ulimi, akitaka anapanda, asipotaka unamwacha.

Nilipofika Kibumba jua lilikuwa limepanda. Kwenye ukuta wa mawe kando ya shamba la viazi alilala nyoka mfupi, mnene, mwenye mabaka mazuri ajabu. Nikatandaza kiganja. Alikuwa kifutu, na kifutu haonji. Aliniuma chini ya kidole cha mwisho. Mzee mmoja aliyekuwa akishusha kabichi kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, alinifunga jiwe jeusi juu ya jeraha, ule mfupa wa ng'ombe uliochomwa ambao watu husema hunyonya sumu, akampa mtu wa pikipiki neno la kumpelekea mama Munigi. Tukakaa tukingoja jiwe lidondoke lenyewe, kama desturi inavyotaka. Lilipodondoka, mama alikuwa amefika na mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko.

Kituo cha afya kilinuka klorini. Muuguzi wa kiume alimwekea mama karatasi ya Kifaransa, lugha ambayo mama hakuijua, na kalamu.

"Mama, saini hapa. Mutoto anaharibika."

Mama akainama. Nikamnyang'anya kalamu kwa mkono mzima.

"Kwanza aseme ile dawa inaweza kunifanya nini."

Muuguzi akacheka. "Mutoto wa nyoka, wewe! Ule nyoka, ulimuuliza kwanza, mbele akuume?"

"Nilimuuliza vibaya, papa. Wewe ninakuuliza muzuri."

Mama alinifinya bega. Sikuiachia kalamu. Sikuwa nikiikataa sindano. Nilikuwa nakataa kudungwa kama gunia. Muuguzi aliutazama mkono wangu, akaketi kitandani, akasema yote kwa muda usiotosha kumenya kiazi. Dawa hutoka kwenye damu ya farasi. Mwili wangu ungeweza kuikataa, ngozi ikavimba, pumzi ikabana; kwa hilo alikuwa na sindano ya pili. Bila dawa, mkono ungeweza kuoza. Ndipo mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimhoji mganga yeyote, wa mizizi au wa sindano, akafungua kinywa.

"Na pumzi ikimufunga, utakuwa hapa?"

"Nitakuwa hapa, mama."

"Basi," akasema, nami nikampa kalamu.

Nilipodungwa, pumzi ilibana kweli. Niliogopa, lakini niliijua ile hofu kwa jina, na muuguzi alikuwepo na sindano yake ya pili. Mkono ulipona, isipokuwa kidole cha mwisho, ambacho hadi leo hakikunjiki.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, watu huniambia hivyo kila ninapokamata nyoka. Mimi sishtuki. Ninashika bado, ila sasa ninatazama kichwa kwanza. Kinachonishtua ni karatasi. Jana nilifika Rumangabo nisikomjua mtu, nikapata chumba kwa mama mmoja mjane. Kabla hata sijavua viatu akanionyesha karatasi ya hospitali ya kukubali kupasuliwa uvimbe wa shingo yake. Zamani ile karatasi yetu ilikuwa nusu ukurasa. Hii ina kurasa tatu, imechapwa vizuri, na bado hakuna aliyemweleza neno.

"Walisema nisaini tu."

"Uliwauliza inaweza kukufanya nini?"

"Mwanangu, munganga anaulizwa?"

"Anaulizwa, mama."

"Watasema najifanya mujuzi."

"Waseme."

Alinitazama sana, kisha akanitandikia kitanda. Kesho tunakwenda hospitali wote wawili, na hatusaini mpaka mtu aketi.