Sahihi ya Baharia wa Diff

Sijawahi kuomba radhi kwa ajili ya vitabu vyangu, na sitaanza leo. Mama yangu mzazi aliniita mbadhirifu, mwanamume aliyetaka kunioa aliniita mwehu, na huko Garissa, miaka ile ya vita, nikaambiwa nakaribia kuwa adui wa serikali. Yote hayo kwa sababu nilikusanya tawasifu, vitabu ambavyo mtu ameandika maisha yake mwenyewe, na nikazitaka za chapa ya kwanza, zenye sahihi ya mwandishi kwa wino.

Nilianza kule kwetu Taita, nikiwa bado chuo cha ualimu. Mzungu mmoja mwenye shamba la katani karibu na Voi alikuwa akifunga virago, akatoa vitu vya nyumba yake barazani viuzwe: viti, masufuria, mapazia, na sanduku la vitabu. Nilichukua kimoja tu, maisha ya muuguzi aliyefanya kazi katika hospitali za vitani. Kwenye ukurasa wa mbele alikuwa ameandika jina lake kwa wino wa buluu, na kalamu ilikwama kidogo katikati ya jina ikaacha doa. Doa lile lilinigusa. Mkono uliofunga vidonda vinavyosimuliwa mle ndani ndio ulioiacha alama ile, na karatasi yenyewe ilikuwa sasa mikononi mwangu.

Kuhusu chapa ya kwanza, watu hudhani ni maringo. Si maringo. Mtu akiandika maisha yake mara ya kwanza huandika akiwa bado na hasira zake. Kitabu kikishatoka, ndugu hulalamika, wanasheria huja juu, mwenyewe huzeeka na kuogopa. Chapa ya pili ikitoka, ugomvi umelainishwa na kurasa zimepungua. Nimewahi kuweka chapa mbili za kitabu kimoja kwenye meza moja, nikazisoma sambamba, nikaona mahali ambapo mtu alijiziba mdomo. Mimi nilimtaka kabla hajajiziba.

Nilipopangiwa kazi Garissa, shule ya msingi, vita vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya vilikuwa vimekwisha kuwaka. Wenzangu walinipa pole kama mtu aliyefiwa. Nikapanda lori katika msafara uliolindwa na askari, vitabu vikiwa ndani ya masanduku mawili ya bati na nguo zangu ndani ya kikapu. Nyumba niliyopewa ilikuwa chumba na baraza. Adui zangu wa kwanza hawakuwa na bunduki, walikuwa mchwa. Niliyasimamisha masanduku juu ya mawe, kila jiwe ndani ya kopo la mafuta ya taa, na kila kitabu nikakiviringisha kwa kitambaa cha amerikani ili vumbi lisikile. Vitabu vipya niliagiza kwa Mgoa mmoja wa Mombasa aliyeuza vitabu vilivyotumika. Alivitafuta hata ng'ambo, akanitumia kwa magari yale yale yaliyoleta sukari na majani ya chai.

Jirani yangu alikuwa mjane wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia na chai barazani kwake. Umri wetu ulikaribiana. Tangu juma la kwanza aliniita abaayo, yaani dada, nami nikamwita vivyo hivyo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p ikitoka b na v ikitoka f, na hakikumzuia kusema neno lolote alilotaka kusema.

Siku moja alinikuta navipangusa vitabu, akauliza ni vya nini. Nikamwambia hao ni watu wanaosimulia maisha yao wenyewe.

"Adeer yangu alifanya hiyo," akasema. Adeer ni baba mdogo. "Alitoka Diff kijana, akaenda Aden, akaingia meli ya Wazungu, kazi ya kutia makaa kwa moto. Mabaharia walikuja kusema ameandika kitabu huko. Sisi hatujaona."

"Jina lake nani?"

Akalitaja. Diff niliijua kwa ramani tu, mji mdogo ulio juu ya mpaka. Wiki ile ile nikamwandikia Mgoa.

Kitabu kilikawia sana, hata nikaanza kukisahau. Kilipofika kilikuwa chembamba, jalada la kijivu, kazi ya mpiga chapa mdogo wa mji fulani wa bandari kule Ulaya. Mgoa aliambiwa na aliyemuuzia kwamba mwandishi alifia mji huo huo. Nikatazama nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu: chapa ya kwanza, wala hapakutajwa nyingine. Nikageuza karatasi, na sahihi yake ilikuwa pale. Herufi za Kizungu zilizokaa wima, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, na chini yake mstari mmoja wa Kiarabu. Mwalimu wa dini shuleni kwetu akanisomea: "Nilizaliwa Diff, mwaka wa mvua nyingi. Anayesema vingine hakuwepo."

Jirani yangu aliushika ukurasa ule kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika chungu cha moto. Hakulia. Aliniambia tu, "Soma."

Tukawa tunasoma alasiri, kabla ya saa ya kutotoka nje. Mimi nilisoma Kiingereza na kukisema kwa Kiswahili, yeye akakigeuza Kisomali kwa watoto wake na kwa wanawake waliofuata maziwa. Kuna sura moja waliipenda kuliko zote. Karani wa bandari alimwandika baharia yule kuwa mzaliwa wa Aden, kwa kuwa hakuijua Diff na hakutaka kujisumbua kuijua. Baharia akarudi mwisho wa foleni. Alipofika tena mbele akaandikwa Aden tena. Akarudi tena nyuma, meli ikipiga honi, mpaka karani akachoka akaandika Diff. Wanawake walijipiga mapaja kwa kicheko.

"Huyo ndiye adeer," jirani akasema. "Kichwa kama mawe ya kisima."

Sikushangaa habari zilipofika mbali. Asubuhi moja askari walipita wakipekua nyumba. Kwa kawaida nyumba za walimu waliotoka mikoa mingine ziliachwa. Safari hii ofisa wa usalama alikuja mwenyewe. Alikuwa mgeni kule kama mimi, Mkristo kama mimi. Siku za Jumapili tuliimba katika kikanisa kimoja, yeye sauti ya chini. Akafungua masanduku, akafunua amerikani kitabu baada ya kitabu, mpaka akafika kwenye kile cha kijivu.

"Mwalimu, hapa pameandikwa nini?"

Nikamwambia neno kwa neno.

"Diff ya upande gani wa mpaka?"

"Diff ni moja, bwana."

"Hawa ndio wanaosema nchi hii si ya Kenya."

"Huyu anasema alizaliwa mahali. Wewe hukuzaliwa mahali?"

Askari mmoja alicheka, akajidai anakohoa. Ofisa akakitia kitabu kwapani na kuniambia nifike ofisini kwake kesho yake.

Nilipofika alikuwa mpole, na upole ule ndio ulionitia hofu zaidi. Alinipa kiti. Akasema amekisoma kitabu, ni habari za meli na makaa, hana ugomvi nacho. Shida ni ukurasa mmoja. Akakisogeza mbele yangu kikiwa wazi pale penye sahihi.

"Uchane wewe mwenyewe, hapa hapa. Halafu chukua kitabu chako uende nacho nyumbani. Yaishe."

"Siuchani."

"Ni karatasi moja, mwalimu. Hadithi yote unabaki nayo."

"Hii ndiyo karatasi aliyoishika yeye."

"Wewe ni mtu wetu. Usinilazimishe nikuandike vibaya."

"Kama kuwa mtu wenu ni kuchana jina la mtu, basi andika."

Akakifungia kitabu ndani ya mtoto wa meza. Mimi nikatoka, nikakaa kwenye benchi la barazani kwake, na sikuondoka mpaka ofisi ilipofungwa. Kesho yake masomo yalipokwisha nikarudi kukaa. Nikafanya hivyo kila siku ya kazi. Sikumsemesha mtu. Kila alipopita aliniona, nami nilihakikisha ananiona. Mwalimu mkuu, mzee mwema mwenye watoto wengi, aliniita kando akanisihi.

"Binti yangu, watakuhamisha."

"Wanihamishe pamoja na kitabu changu."

Siku moja nikamkuta jirani yangu ameketi kwenye benchi lile, birika la chai miguuni. Mimi adhabu yangu ingekuwa uhamisho. Msomali miaka ile alifungwa bila kuulizwa, mifugo yake ikachukuliwa, na ndugu zake mwenyewe wa upande wa Bura walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu ndani ya kijiji chenye uzio, wakitoka na kuingia kwa ruhusa ya askari.

"Rudi nyumbani, abaayo," nikamnong'oneza. "Watakufunga."

"Adeer ni yangu, si yako," akajibu, wala hakunong'ona. "Mimi nakaa haba."

Akakaa. Askari wa zamu walizunguka zunguka, wakaliangalia birika lile, jua likawaka. Mwishowe mmoja akaomba kikombe, na wenzake wakafuata. Ikawa ndiyo desturi: wanawake wawili kwenye benchi, na askari wamesimama wanakunywa chai ya mmoja wao huku wakilinda mlango.

Ofisa alichoka. Alituita ndani sote wawili, akatoa kitabu kwenye mtoto wa meza, akaukamata ukurasa kwa juu akauvuta. Ulichanika taratibu, kwa sauti kavu, ukaacha kipande kidogo kwenye mshono. Akaukunjakunja mkononi, akautupa ndani ya kikapu cha taka, kisha akanipa kitabu.

"Sasa ni safi. Nendeni."

Nilikuwa nimekamata kitabu na sioni mbele. Jirani yangu ndiye aliyeinama. Alitia mkono kwenye kikapu, akatoa karatasi, akainyoosha juu ya paja lake polepole kama anayenyoosha kitambaa, akaificha kifuani chini ya shuka yake.

"Rudisha hapo," ofisa akasema.

"Kwa nini? Wewe umetuba. Kitu ya kutuba haina mwenyewe."

Alitaka kusema umetupa. Lakini kwa ulimi wake lilisikika kama kwamba ofisa ametubu, na hata yeye ofisa alilisikia hivyo, maana uso ulimbadilika.

"Naweza kukuweka ndani sasa hivi."

"Niweke. Wakiuliza, sema umefunga mama ya watoto sababu ya taka ya kikabu yako. Askari hawa bia wanasikia."

Mlangoni walikuwa wawili, wote wanywaji wa chai yake. Mmoja alitazama dari, mwingine alitazama buti zake. Hakuna aliyesogea kumshika. Ofisa aliketi, akavuta faili lililokuwa karibu, akalifungua, na hakutuangalia tena. Tukatoka. Tulitembea kama watu wanaotoka sokoni, mpaka tulipopita nyumba ya mwisho ya serikali.

Uhamisho ulikuja upesi, kama mwalimu mkuu alivyosema. Asubuhi ya msafara jirani yangu alinisindikiza hadi kwenye malori, akatoa ule ukurasa.

"Chukua, abaayo. Wewe ndiye uliagiza."

Mkusanyaji yeyote angeuchukua. Mikono yangu iliutaka, sisemi uongo. Nikamwambia auweke, ule ni mkono wa baba yake mdogo, na mimi nina vitabu vingine. Baadaye nilisikia kwa mwalimu wa dini kwamba aliupeleka hadi Bura, akapita nao langoni mbele ya walinzi, na ndugu zake wa ndani ya uzio wakaupokezana, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akisomewa mstari ule.

Nimeendelea kukusanya. Rafu zangu sasa zinajaza ukuta. Miaka michache iliyopita alikuja mnunuzi kutoka Nairobi, kijana mwenye glovu nyeupe, akavipitia vitabu vyangu kwa heshima hadi akafika kwenye kile cha kijivu. Akasikitika. Alisema kimeharibika, hakina thamani yoyote kwa wakusanyaji, ila angeweza kunitafutia nakala nyingine, kuutoa ukurasa wake safi na kuubandika humu, na hakuna ambaye angetambua. Nikamwambia akirudishe mahali pake.

Sikukipeleka kwa fundi, na sitakipeleka. Kipande kilichobaki kwenye mshono bado kipo, kimechongoka kama meno ya msumeno. Wageni wakikifungua huona pale kwanza, na wakiniuliza ni nani aliyechana, nawatajia jina lake lote, pamoja na cheo chake.