Daftari za Marehemu na Mke Mwenza

Bi Ghaliya wa Mkunazini alikuwa hamwamini mtu, na mtaa mzima ulilijua hilo. Muuza samaki akimwambia changu huyu ni wa leo, yeye humtia kidole kwenye matamvua, anuse kidole, kisha ndiyo aulize bei. Mtu akibisha hodi, hata akiwa jirani wa ukuta kwa ukuta, hutakiwa ataje jina lake na la mama yake kabla komeo halijatoka. Macho yalimzimika mwaka 1985 kwa presha ya macho, akiwa na miaka thelathini na tisa, na tangu hapo alijiwekea sheria kwamba asichokigusa wala kukinusa hakipo mpaka kithibitike.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga taipu. Ofisi ikamtoa kwenye taipu ikamkalisha kwenye mtambo wa simu, na hapo alikaa miaka kumi na sita akiwaunganisha watu asiowaona na kusikia nani anamdanganya nani. Ukiifanya kazi hiyo miaka kumi na sita, nawe huwezi kuwa mtu wa kuamini amini ovyo. Alistaafu mwaka 2001. Mwaka uliofuata chama cha wasioona kikaita watu wajifunze kompyuta inayosema, na Bi Ghaliya, ambaye vidole vyake vilikuwa havijasahau taipu, aliwaacha wenzake mbali. Mwishowe akanunua kompyuta yake mwenyewe, kuukuu, lakini yake.

Kompyuta ile ilisema kwa sauti ya mwanamme wa Kizungu asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Karafuu akiiita “kerafyuu”, na mdalasini ulikuwa ukimshinda kabisa. Bi Ghaliya akampa jina la Mzungu. Kwa vile spika zake za plastiki zilikuwa zikinong'ona tu, Muhiddin, fundi redio wa Mlandege aliyehamia kwenye kompyuta, akamuungia spika kubwa ya mbao iliyotoka kwenye redio ya baba yake Bi Ghaliya. Tangu siku hiyo Mzungu akawa anasikika mpaka ngazini. Na katika nyumba ile, Mzungu peke yake ndiye aliyeaminiwa, maana alisoma kila herufi aliyoandikiwa, kwa makosa yake yote, bila kuongeza wala kupunguza.

Kazi aliyomnunulia Mzungu ilikuwa moja. Mumewe, Hamad, aliyekuwa msimamizi katika shamba la viungo la serikali kule Kizimbani, alifariki mwaka 1999 akaacha daftari kumi na moja. Humo aliandika kila mti na kila jani alilolifanyia kazi miaka yote ile. Aliziandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyozoea watu wa rika lake, na hati yake ilikuwa mbaya mno. Mchwa walishaziingia. Bi Ghaliya alitaka zichapwe zote ziwe kitabu kabla hazijawa unga, kwani marehemu hakumwachia mtoto wala shamba, na kitabu hicho ndicho kitu pekee cha Hamad alichotaraji kubaki nacho.

Tatizo lilikuwa msomaji. Ulimwengu mzima, mtu aliyeweza kuisoma hati ya Hamad alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Mwanamkasi, mke mwenzake wa Makunduchi.

Basi kila Jumanne Mwanamkasi alikuja mjini na kikapu chake, akatoa shikamoo mlangoni, akataja jina lake na la mama yake kama watu wengine, akalala siku mbili. Akisoma, Bi Ghaliya anachapa. Akimaliza kurasa tano, Mzungu anarudia. Mwanamkasi alikuwa mdogo kwa Bi Ghaliya miaka kumi na miwili, sauti yake ya taratibu, na kwa kweli hakuwa na kosa lolote la kulishika. Hilo lenyewe lilimtia Bi Ghaliya wasiwasi.

Halafu yako mambo yaliyonaswa na masikio yake. Kwanza, daftari zile zilikuwa za ajabu. Hamad alikuwa na macho mazima, lakini hakuandika rangi hata pahala pamoja. Aliandika kwamba gome la mdalasini ukilipindua kwa kidole gumba linakwaruza upande mmoja tu. Aliandika kwamba ua la mlangilangi lina harufu moja asubuhi na nyengine likishapigwa na jua. Mwanamme gani anaeleza mti bila ya kusema jani lake kijani la aina gani? Bi Ghaliya akashuku kuwa rangi zimerukwa.

Pili, Mwanamkasi alikuwa akinyamaza katikati. Anasoma vizuri, mara pumzi inakatika, kidole kinakwaruza karatasi, kisha anaendelea na jambo jengine.

“Hapo pana nini?” aliuliza Bi Ghaliya.

“Pameliwa na mchwa, Bi Ghaliya.”

“Mchwa wako hawa wanapenda katikati ya sentensi.”

Mwanamkasi akafunua ukurasa. Bi Ghaliya alichapa, lakini roho yake haikuwa kwenye kibodi. Alikuwa akimfikiria Makungu, kaka yake Mwanamkasi, aliyekuwa akiwatembeza watalii Jozani na kwenye mashamba ya viungo, akiwanusisha majani. Alijiambia kwamba yale mazuri yanarukwa hapa yakapelekwe kule, na keshokutwa Makungu atatoa kitabu chenye jina lake.

“Makungu hajambo?” alikuwa akiuliza kila wiki.

“Hajambo, anakusalimu.”

“Mnh,” anasema Bi Ghaliya.

Daftari iliyokwisha kuchapwa haikuweza kubaki ndani, maana mchwa wake wangehamia kwenye boriti. Wala haikuweza kutupwa jaani, kwa kuwa kila moja ilifunguliwa kwa Bismillahi na dawa nyingi ziliandikwa pamoja na aya zake. Karatasi yenye jina la Mungu huzikwa au huzamishwa baharini. Bi Ghaliya mwenyewe ndiye aliyetoa amri kwamba kila daftari ifungwe kwa kitambaa cheupe, itiwe jiwe, na Mwanamkasi akirudi kwao aizamishe kwenye maji makubwa. Na kila Jumanne alimuuliza kama ameizamisha, na Mwanamkasi akajibu kwamba imekwenda.

Muhiddin alikuwa amemuonya mapema. “Bibi, chombo hichi kitu kidogo tu kinakiua. Kila ulichochapa kitie kwenye disketi. Na disketi usiziweke chumba kimoja na kompyuta. Zipeleke nyumba nyengine kabisa.”

“Nyumba ya nani?”

“Si kwa mke mwenzio?”

Bi Ghaliya alicheka mpaka akapaliwa. Disketi alizitia, hilo alilifanya kwa uaminifu. Kila Alkhamisi, Mwanamkasi akishashuka ngazi, alinakili kazi ya wiki, akamwambia Mzungu aisome kutoka humo humo kwenye disketi, akasikia kila neno. Kisha ikaja kazi ya kuificha. Kabatini Mwanamkasi anafika, chini ya godoro ndiko kila mwizi anakoanzia. Basi akachukua kisu cha siagi, akafungua parafujo nne za nyuma ya spika ya mbao, na humo ndani, katikati ya nyaya, akazipanga disketi zake, kila moja ikishajaa. Palikuwa pahala pazuri mno. Mtu yeyote akiigusa ile spika, sauti ya Mzungu ingekwaruza na yeye angejua. Alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, na hakuzitoa tena, asije akaonekana anazitoa.

Mwezi wa Mei 2004 daftari ya kumi na moja ikaisha. Siku ya nne yake umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika, ukarudi tena. Pakatoka harufu ya kuungua. Bi Ghaliya aliita, akabonyeza, akaita. Mzungu hakusema kitu.

Muhiddin alikuja, akafungua, akaguna kwa muda mrefu. “Diski ya ndani imekufa, bibi. Pole. Disketi si unazo?”

“Nnazo.”

Alimtoa Muhiddin nje ya chumba, akafunga mlango, akafungua spika, akamletea disketi tisa mkononi. Muhiddin akaenda nazo dukani kwake, na Bi Ghaliya akakaa juu barazani akingojea, akivuta tasbihi. Alirudi baada ya Alasiri. Alivyopanda ngazi taratibu, Bi Ghaliya alishajua.

“Tupu,” alisema Muhiddin. “Zote tisa. Nimezijaribu kwenye mashine tatu.”

Bi Ghaliya hakulia. Hasira zilimfika kabla ya machozi. Mwaka na nusu wa kazi, na daftari ziko chini ya bahari kwa amri yake mwenyewe, na mtu mmoja tu alikuwa akiingia na kutoka mle ndani. Jumanne Mwanamkasi alipobisha hodi, akataja jina lake na la mama yake, Bi Ghaliya hakumfungulia komeo.

“Umezifuta,” alimwambia nyuma ya mlango. “Umezitafuta mpaka ukaziona, ukazifuta. Kamwambie Makungu kitabu ni chake.”

“Nimefuta nini, Bi Ghaliya?”

“Usijifanye hujui. Miaka yote ulikuwa ukimtaka mume peke yako. Sasa umempata, mzima mzima.”

Kisha akasikia kikapu kikiinuliwa na ndara zikishuka, hatua moja moja, bila haraka. Bi Ghaliya alisimama pale mlangoni na mkono kwenye komeo mpaka miguu ikamuuma.

Wiki ya pili Muhiddin alirudi na kompyuta nyengine, ya kumuazima. Alipoinama kuunga nyaya aliuliza, kwa kuuliza tu, disketi zilikuwa zikikaa wapi.

“Kwani una haja gani?”

“Bibi, zimekwisha kuharibika. Hata mimi nikiwa mwizi sina cha kuiba.”

Bi Ghaliya alifikiri sana, kisha akaielekeza shingo kwenye spika. Muhiddin hakucheka. Alifungua mgongo wa spika, akamshika Bi Ghaliya kiganja, akamtia bisibisi mkononi. “Ipeleke mbele pole pole,” alisema. Bi Ghaliya aliipeleka. Ghafla kitu kikaivuta bisibisi kutoka kwenye vidole vyake, ikagota ndani ya spika ikaganda hapo hapo.

“Sumaku,” alisema Muhiddin. “Spika za zamani zina sumaku kubwa. Disketi haiwezi kukaa nayo hata siku moja, wacha mwaka.”

Bi Ghaliya aliishika ile bisibisi akaivuta, haikutoka. Akaivuta tena. Uso ulimuwaka kwa aibu, akamwomba Muhiddin aende zake. Alikaa peke yake akayarudia maneno aliyoyasema nyuma ya mlango, neno kwa neno, kama Mzungu anavyosoma, na hakupata hata moja la kulitetea.

Kesho yake alikodi teksi mpaka Makunduchi. Katika miaka ishirini na mbili ya ukewenza alikuwa hajaikanyaga nyumba ile. Alibisha hodi, na kabla hajaulizwa akataja jina lake na la mama yake.

“Karibu,” alisema Mwanamkasi.

Bi Ghaliya hakutaka kiti. “Nimekuja kukutaka radhi. Si wewe. Ni mimi mwenyewe, nilizificha usizione, na pale nilipozificha ndipo zilipokufa. Kitabu kimekwenda. Nilikuzulia jambo zito, na sijui nikwambie nini zaidi.”

Mwanamkasi akaingia chumbani akatoka na kitu kilichokwaruza sakafu. Aliuchukua mkono wa Bi Ghaliya akauweka juu ya debe la bati. Kifuniko kikafunguliwa, harufu ya karafuu ikampiga puani, na chini ya karafuu vidole vyake vikagusa kitambaa. Akahesabu. Zilikuwa kumi na moja.

“Uliniambia umezizamisha.”

“Nilikwambia. Sikuzizamisha hata moja. Nilizianika juani, nikawaua mchwa, nikazitia karafuu.” Sauti ya Mwanamkasi ilikuwa haitetemeki. “Sikukuamini, Bi Ghaliya. Nilisema ukishayatia yote kwenye chombo chako utanifungia mlango, nami nitabaki bila ya kitu. Na ulinifungia.”

Bi Ghaliya alikaa chini, pale pale mkekani. Alizipakata daftari zile, na sasa machozi yakaja.

“Na pale ulipokuwa ukiruka?” aliuliza baada ya muda. “Usinambie mchwa.”

Mwanamkasi alichukua daftari ya kwanza, akafungua. Akasoma Bismillahi, akanyamaza, akavuta pumzi, na safari hii akaendelea. “Ghaliya, haya nakuandikia wewe, uijue miti kwa mkono na pua, uwe nami shambani ijapokuwa hukuwahi kuliona. Pakiwa na kosa unisahihishe, maana pua yako inaishinda yangu.”

Kuku alilia uani.

“Zipo nyingi hizo,” alisema Mwanamkasi. “Karibu kila mti. Mimi nimekaa naye miaka kumi na saba, hajaniandikia hata barua. Nikizifikia zilikuwa zinanikwama kooni. Ndiyo nikaruka.”

“Jina lako halimo?”

“Nimelitafuta. Halimo.”

Jumanne iliyofuata Mwanamkasi alibisha hodi Mkunazini, na komeo lilikuwa limeshatoka. Walikubaliana kwamba disketi zitakuwa mbili mbili, moja ya huku na moja ya Makunduchi, na daftari zirudi kwenye debe la Mwanamkasi, kwa kuwa kuaminiana hawajafika bado. Mwanamkasi akafungua daftari ya kwanza, akajitayarisha kusoma.

“Ngoja,” alisema Bi Ghaliya. Alichapa mstari mmoja juu kabisa, peke yake, akambonyeza Mzungu ausome. Spika ndogo za plastiki zikanong'ona: daftari hizi zimehifadhiwa na zimesomwa na Mwanamkasi, mke wa Hamad.

Mwanamkasi aliomba arudie. Mzungu akarudia.

“Jina langu analikosea,” alisema Mwanamkasi, na sauti yake haikuwa ya taratibu tena.

“Huwakosea watu wote,” alisema Bi Ghaliya. “Lakini haruki. Haya, soma.”