Chai Iliyonukia Pilau

Nilipoajiriwa kusimamia ubora kwenye karakana ndogo ya viungo kule Mtoni, nilidhani kazi yangu itakuwa kuonja tu. Mwenye karakana alikuwa mama wa makamo mwenye asili ya Kiarabu, ambaye wazee wake walikuwa wenye maduka hapohapo Temeke. Sie wafanyakazi tulimwita Bi Mkubwa. Tulikuwa tukisaga na kufungasha viungo vya aina mbili, vya chai na vya pilau.

Vikishasagwa, vyote ni unga wa kahawia. Mgeni atasema, si mnanusa tu? Basi aje ashinde humo ndani. Kabla jua halijawa kali pua imeshakufa ganzi. Unuse karafuu, unuse soksi, ni mamoja.

Jumatatu moja akaingia mama mmoja kutoka Mbezi Beach, mtu wa Kilimanjaro, kabeba chupa kubwa ya chai. Mwishoni mwa wiki alikuwa na sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, na chai ya wageni aliipika kwa viungo vyetu.

"Mama, naomba vikombe," alimwambia Bi Mkubwa. "Nataka mnywe wote."

Nikapiga funda moja. Bizari nyembamba ikanipanda hadi puani. Ilikuwa chai ya maziwa, lakini ladha yake pilau tupu, imebaki nyama tu.

"Sasa baba wa bwana harusi akaniuliza mbele za watu," yule mama akaendelea, "'Mzazi mwenzangu, hii chai inaliwa na kachumbari?'"

Tukang'ata midomo tusicheke. Aliyeshindwa wa kwanza ni yeye mwenyewe. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, nasi tukamfuata. Bi Mkubwa alimwomba radhi, akampa viungo vingine, akamsindikiza mpaka barabarani.

Aliporudi hakuwa na kicheko tena.

"Nani kafanya hivi?"

Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angeweza kujua. Makopo yalikuwa ya aina moja, ndoo za aina moja, vijiko vya aina moja.

"Haya. Kuanzia leo, umakini!"

Nikaagizwa kuliandika neno hilo kwa herufi nyekundu na kulibandika ukutani. Karakana ikawa kimya kama chumba cha mtihani. Watu walijaza makopo wamekaza shingo, na mimi niliwaonea huruma, maana hofu haimsaidii mtu kutofautisha kahawia na kahawia.

Siku iliyofuata Bi Mkubwa akavuta kiti, akakaa mezani mwenyewe. "Nitazameni mie." Akajaza makopo ya chai taratibu, huku akitueleza namna ya kutuliza akili. Alipomaliza nilichukua kopo moja, nikakoroga kidogo kwenye maji moto kama kawaida yangu. Pilau. Nikajaribu la pili. Pilau. Nikamsogezea kikombe.

"Bi Mkubwa, samahani. Hebu onja hapa."

Akaonja. Akatazama kikombe, akatazama ndoo, akatazama ile karatasi ukutani.

"Yallah! Kumbe mwenyewe ndiye mie!"

Alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mie mwenye mali, nimekaa kwa nia zote, nimekosea. Basi hapa umakini hautoshi."

Ndipo nikawaeleza nilichofundishwa chuoni, kwamba kazi inaweza kupangwa mpaka kosa lenyewe likose pa kupita. Wakalidaka wazo hilo. Mmoja akataka ndoo za rangi mbili. Mwenzake akamkumbusha kwamba umeme ukikatika rangi zote huwa moja. Tukabishana kwa raha mpaka adhuhuri. Kesho yake nikaenda Kariakoo na Bi Mkubwa. Tukanunua makopo ya chai yenye mdomo mwembamba, na kwa pilau upawa mpana usioweza kuingia humo. Kila ndoo tukaifungia kijiko chake kwa mnyororo mfupi, kisiazimwe na ndoo ya jirani, na cha chai kisifike upande wa makopo ya pilau.

Ili kuujaribu mpango wetu tulishindana kukosea. Bi Mkubwa alipania kweli. Alisukuma upawa wa pilau kwenye kopo la chai, unga ukamwagika meza nzima, naye akapiga chafya mfululizo huku akishangilia, "Haiingii! Wallahi haiingii!"

Karatasi yangu ikabanduliwa. Soga zikarudi mezani, za waume, za mawifi, za bei ya nyanya, na viungo havikuchanganyika tena.

Makosa mengine yalikuja, tena hayakukawia. Muuza duka mmoja wa Mabibo alipiga simu kwamba lebo zetu zimebandikwa kichwa chini miguu juu, na wateja wanadhani ni mtindo mpya. Nilimfikishia Bi Mkubwa habari hiyo nikitarajia lile swali lake la nani. Yeye akachukua kopo tupu na lebo, akaketi kwenye kiti cha mbandikaji.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," akaniambia. "Tuone hii meza inatudanganyaje."