Dawa kwa Jina la Mke Wangu

Nilitakiwa kusema hapana pale pale dirishani, watu wakisikia. Badala yake nilicheka, kisha nikamnong'oneza binamu yangu apite nyuma ya jengo baada ya sala ya adhuhuri.

Wakati huo nilikuwa mtoa dawa katika kituo cha afya, si mbali na Miono, nikikaribia kustaafu. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea dawa kwa muda mfupi, mengine nikajifunzia kazini. Binamu yangu ni mtoto wa shangazi, na kwetu mtoto wa shangazi ni mtani. Akipita nyumbani anaweza kubeba kuku akaondoka naye, nami nikilalamika ndiye nitakayechekwa. Hata mke wangu, binamu alikuwa akimwita "mke wangu" mbele ya macho yangu, na mke wangu humjibu kwamba mume wa namna hiyo hata ukimtoa bure mnadani atarudi nawe nyumbani. Tuliishi hivyo tangu harusi yetu.

Binamu alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Saadani. Gunia lilimwangukia mgongoni, akaandikiwa tramadol. Ni dawa nzuri ya maumivu makali, lakini mwili huizoea, kisha huidai. Ndiyo maana haitolewi kama panadol. Tabibu huiandika kwenye kompyuta, na mimi nikiingiza namba ya kadi ya mgonjwa, mfumo hunionyesha mara ya mwisho aliipata lini, kituo gani, vidonge vingapi. Siku zake zikiwa hazijatimia, mfumo unakataa. Mtu hawezi kuchukua kwetu asubuhi na jioni akachukua tena Bagamoyo mjini, kwa sababu kila kituo kinaona alichotoa mwenzake. Na kilichokwisha kuingia hakifutiki. Niliwaeleza wagonjwa hayo mara nyingi, tena kwa majivuno, kana kwamba mfumo nimeutengeneza mimi.

Siku ile mfumo ulimkataa binamu yangu.

"Haiwezekani," nilimwambia. "Siku zako bado."

Akawageukia akina mama waliokaa kwenye benchi. "Mnamwona mtani wangu? Anazikalia dawa kama kuku anayeatamia! Mgongo unaniua, yeye anatazama televisheni."

Benchi zima likacheka.

"Basi kama jina langu limechoka," akasema, "andika la mke wangu. Yule anayelala kwako."

Wakacheka zaidi, nami nikacheka. Lakini niliona alivyoking'ang'ania kizingiti cha dirisha, jasho likimtoka, nikajua kwamba nusu ya utani ule ni ombi. Nilijiambia kwamba mtani hanyimwi kitu mbele ya watu. Ukweli ni kwamba nilipenda kuonekana mtu anayeweza.

Kadi ya bima ya mke wangu ilikaa pamoja na yangu, katika pochi moja. Hakuwa mtu wa kuumwa. Nilikwenda kwa tabibu wetu, kijana mwenye adabu ambaye kila asubuhi alinipa shikamoo kabla hata hajaweka begi chini. Nikamwambia mama watoto mgongo umemkaba tangu tulipovuna mpunga, kuinuka hawezi.

"Maskini, mpe pole mama," alisema. "Nimwandikie nini, mzee wangu?"

Utaratibu ulimtaka amwone mgonjwa. Yeye aliniona mimi, akaona inatosha. Ndugu aliruhusiwa kumchukulia dawa mgonjwa asiyeweza kutembea, basi nikaingiza namba ya mke wangu, nikajikabidhi vidonge mwenyewe, nikampelekea binamu nyuma ya jengo.

Nilidhani itakuwa mara moja. Binamu alirudi siku zilipotimia, nazo sasa zilikuwa siku za mke wangu. Tulicheka kidogo kuliko mwanzo. Baadaye hatukucheka kabisa: nampa pakiti, anaitia mfukoni, anakwenda. Kuanzia mavuno mpaka mvua za vuli ilikuwa hivyo. Nyumbani mke wangu alitwanga, akalima, akabeba kuni kichwani. Kwenye kompyuta alikuwa mwanamke asiyeweza kunyoosha mgongo bila vidonge.

Mvua hizo hizo zilimtelezesha kisimani akiwa na ndoo, akavunjika nyonga. Tulimpakia kwenye gari la jirani mpaka hospitali mjini. Alilia njia nzima, yeye aliyezaa watoto wetu wote bila majirani kusikia sauti. Daktari, binti wa umri wa mwanetu wa mwisho, alifungua mfumo, akasoma, akasogeza kiti karibu na kitanda.

"Mama, hii tramadol umeitumia muda mrefu. Juzi tu umechukua nyingine. Unameza vingapi kwa siku?"

"Mimi?" mke wangu alisema. "Mwanangu, mimi hata panadol mpaka nilazimishwe."

"Usiogope, mama, hakuna anayekuhukumu. Lakini nikiongeza dawa kali juu ya uliyokwisha kumeza, unaweza kuacha kupumua. Niambie tu ukweli."

"Ukweli ndio huo."

Daktari alinitazama mimi. Nikatazama sakafu. Akasema basi dawa ya maumivu isubiri kwanza, wamwangalie. Alifanya kazi yake sawasawa. Hata mfumo ulifanya kazi yake.

Nilisimama kichwani mwa kitanda nikiwaza kustaafu kwangu, na yule tabibu, na watu wa Miono watasema nini. Alasiri ilipoadhiniwa nilikwenda kuswali. Niliporudi mke wangu alikuwa ameuma pindo la kanga yake ili asipige kelele. Nyuma ya pazia muuguzi alimwambia mwenzake, "Yule bibi wa nyonga ni teja, hivi hivi unavyomwona."

Mke wangu alisikia. Akaitoa kanga mdomoni, akanigeukia.

"Nani amekunywa kwa jina langu?"

Nikamwambia. Kisha nikamfuata daktari, nikamwambia na yeye. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nililijua jambo hilo tangu alipokuwa akimhoji mama. Nikasema ndiyo. Akachukua sindano, akanipita mlangoni. Magharibi ilipoingia mke wangu alikuwa amelala.

Kesho yake mtani alikuja na mfuko wa machungwa. "Mke wangu!" alianzia mlangoni. "Nasikia umekwenda kucheza ngoma kisimani bila kunialika!"

Mke wangu aligeuzia uso ukutani. "Mimi si mke wako. Na usinichekee tena."

Aliyaweka machungwa chini taratibu. Alinitazama, nikajua ameelewa. Siku hizi tukikutana tunasalimiana kama watu wa vijiji viwili.

Niliondolewa dirishani kabla ya muda wangu, kwa haki. Yule tabibu aliandikiwa onyo. Bado ananiamkia, ila hasimami. Niliomba jina la mke wangu lisafishwe, nikajibiwa kile nilichokuwa nikiwaambia wengine: hakifutiki. Wameongeza maelezo chini yake, na ni lazima mtu ashuke mpaka mwisho ndipo ayaone.

Kutoka hospitali mke wangu alikwenda kwa dada yake, kijijini Mkange, akisema mpaka apone. Alipoweza kutembea kwa mkongojo nilimfuata.

"Kudanganya ningekusamehe," aliniambia. "Lakini nililia na wewe umesimama pale, dawa yangu iko mdomoni mwako, ukanyamaza."

Hakudai talaka. Alidai kadi yake ya bima tu. Nilimpelekea, akaipokea mlangoni.

Dada yake anasema baridi ikija nyonga humsumbua, na akiambiwa aende kituoni anakataa, asije akafunguliwa ile kompyuta akaulizwa tena. Kwa kukubali kwangu siku ile, nimempoteza mke, haishi nami tena. Naye anaishi na maumivu, kwa kuona aibu kuomba dawa.